KUKUTANA TENA NA WENZETU WA UTOTONI

Wahenga walisema, Milima haikutani, lakini wanadamu hukutana. Leo, wasikilizaji, nataka kuwaeleza habari za kukutana tena na wale tuliocheza nao na kukata nao majani ya ng'ombe tungali wadogo. Mfano wetu na uwe Uchagani, katika miteremko ya mlima Kilimanjaro, maana huko jambo hili limekuwa desturi ya kila mwaka.

Kwanza yafaa tujue sababu ya watu kutawanyika. Mchagga hukaa katika kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba. Kihamba hurithiwa, wala hakiongezeki. Baba mwenye wana watano hawezi kuwagawia wote sehemu ya kuwatosha. Basi wengine hushuka mlimani kutafuta riziki kwa biashara, ualimu na kazi za ofisini, wakafika Arusha, Dar es Salaam, hata Nairobi na ng'ambo. Ifikapo Desemba hurudi nyumbani kwa Krismasi. Mabasi hujaa, ijapokuwa safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Moshi ni kama kilometa 550. Tena mwezi wa Desemba 2019 treni ya abiria ilianza kufika Moshi upya, baada ya kusimama miaka mingi.

Walakini kufika kijijini si kukutana. Yule aliyeondoka ameleta nguo nzuri, pengine na motokaa. Yule aliyebaki ndiye aliyewauguza wazee, akachimba makaburi, akazibua mfereji wa maji. Wa kwanza huogopa kuombwa fedha, wa pili huogopa kudharauliwa. Basi husalimiana njiani kwa haraka na kupitana. Hawakugombana hata kidogo, lakini urafiki wa miaka mingi waweza kufa kwa haya tu.

Dawa yake ni nini? Wazee wa Uchagani wametuachia njia kadha wa kadha.

Njia ya kwanza, mgeni ndiye aende nyumbani kwa mwenzake, asimwite dukani wala barabarani. Afikapo, aulize kwanza habari za waliofariki, atoe pole, ndipo azungumze habari zake mwenyewe.

Njia ya pili ni kushiriki chombo kimoja. Pombe ya mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, kazi ya siku kadhaa, kisha hunywewa katika kata ipokezanwayo mkono kwa mkono. Tajiri na maskini hungoja zamu sawasawa. Asiyekunywa pombe naye asikatae kuketi. Kuna mtori na ndizi za kuchoma.

Njia ya tatu ni kwa wale waliokosana zamani. Uko mmea uitwao isale, ambao hupandwa mpakani mwa vihamba. Mkosaji huchuma jani lake na kumpelekea aliyemkosea, na kwa desturi ni aibu kubwa kulikataa. Ugomvi wa mpaka au wa deni uliowatenga marafiki miaka mingi waweza kwisha hivyo bila ya baraza.

Njia ya nne, msaada utolewe kwa siri, tena uende pamoja na kazi ya mikono. Mtu ashikaye jembe siku moja katika mfereji pamoja na rika lake huaminiwa kuliko yule agawaye noti mbele ya watu.

Nanyi wanafunzi msomao maneno haya, mtazameni mwenzenu aketiye karibu nanyi darasani. Huenda mmoja wenu atasafiri mbali, na mwingine atabaki kuwatunza wazee. Wekeni ahadi tangu sasa ya kutembeleana, na yule aliyesafiri ndiye atangulie kubisha hodi.

Kwaherini.