Matembezi ya Familia Katika Pwani Yetu: Saa ya Maji Ndiyo Saa ya Safari

Pwani ya wilaya yetu, kuanzia Ghuba ya Mikindani hadi Mto Ruvuma unapoingia baharini, ni miongoni mwa maeneo mazuri zaidi ya kutembea kwa miguu nchini. Wageni husafiri siku nyingi kuifikia. Hata hivyo, wapo watoto wengi katika kata zetu wanaokua bila kuwahi kuongozwa na wazazi wao kwa matembezi ya asubuhi moja tu ufukweni. Bahari huwa wanaiona kama mahali pa kazi za wakubwa, au kama mahali pa kutoroka kwenda kuogelea bila ruhusa. Mtoto anayeijua bahari kwa kutoroka haijui vizuri, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Makala haya yanaeleza namna familia yenye watoto wadogo inavyoweza kutembea kwa wepesi na kwa usalama katika pwani yetu: wakati wa kutoka, mahali pa kwenda, vitu vya kubeba na mambo ya kuepuka.

Kwa nini maji kwanza

Katika nchi ya milima, mwenye kupanga matembezi huuliza njia ina mwinuko gani. Kwetu sisi njia ni tambarare, na mtoto wa miaka 3 anaweza kuitembea. Swali letu ni jingine: maji yanapwa saa ngapi, na yanageuka saa ngapi?

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa kila siku. Kutoka maji makavu hadi maji kujaa ni muda wa saa 6 na dakika chache, na kila siku mpya majira hayo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hupwa mbali sana, kisha hujaa juu sana. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo.

Wazee wetu wavuvi na akina mama wanaokwenda pwani kutafuta pweza wanayajua haya bila kuangalia karatasi. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa majira ya saa 4 asubuhi na hujaa majira ya saa 10 alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yaani asubuhi ya saa 4 ni wakati wa maji kujaa. Haya ni makadirio. Kwa saa kamili, tazama jedwali la maji linalotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, au muulize mvuvi wa mahali unapokwenda.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja

Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba maji hayajai kwa kasi ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Mabaharia hutumia kanuni nyepesi. Gawanya kimo chote cha maji yatakayopanda katika mafungu 12. Katika saa ya kwanza hupanda fungu 1, saa ya pili mafungu 2, saa ya tatu mafungu 3, saa ya nne mafungu 3, saa ya tano mafungu 2, na saa ya sita fungu 1.

Tuchukue mfano wa siku ya bamvua ambapo maji yatapanda mita 3.6. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 30 tu, na familia iliyoko kwenye fungu la mchanga itaona kama bahari bado imetulia. Mwisho wa saa ya pili yatakuwa yamefika sentimita 90. Mwisho wa saa ya tatu yatakuwa mita 1 na sentimita 80. Sasa kumbuka kwamba mtoto wa miaka 3 ana kimo cha karibu mita moja. Ndani ya saa mbili, mahali palipokuwa pakavu kabisa panaweza kuwa na maji ya kumfika mtoto huyo kidevuni, na ndani ya saa tatu panaweza kumzidi kimo mtu mzima.

Tena maji hayaji kutoka mbele peke yake. Baina ya mafungu ya mchanga na nchi kavu mara nyingi kuna mikondo ya chini, ambayo mtu huivuka asubuhi akilowa vifundo vya miguu tu. Maji yanapogeuka, mikondo hiyo ndiyo hujaa mwanzo. Mzazi anayetazama mawimbi ya mbele yake hajui kwamba njia ya kurudi nyuma yake imekwisha kufungwa.

Kwa sababu hiyo kanuni yetu ni moja: fuata maji yakitoka, na uwe umerudi pwani kabla hayajageuka. Siku ya bamvua, familia inayoanza saa 1 asubuhi ina nafasi nzuri ya kutembea hadi saa 3, jua likiwa bado la upole, kisha ikarejea kivulini. Ikiwa maji yanajaa asubuhi, usiende kwenye mafungu. Chagua njia ya nchi kavu.

Njia nne za kuanzia

*Mikindani.* Kwa familia inayoanza, mji mkongwe wa Mikindani, ulio katika Manispaa jirani kiasi cha kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, ni chaguo zuri, kwa kuwa matembezi yake hayategemei maji. Ghuba yake imezingirwa na nchi karibu pande zote, na bahari yake ni tulivu. Unaweza kuanzia ufukweni, ukapita vichochoro vyenye nyumba za mawe na milango ya nakshi, ukapanda taratibu hadi kwenye Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Waeleze watoto kwamba David Livingstone alifika hapa mwaka 1866 na kuanzia hapa safari yake ya mwisho ya kuingia bara, na kwamba bandari hii ilipitisha pembe za ndovu na, kwa huzuni, binadamu waliouzwa utumwani. Mtoto wa miaka 7 ana uwezo wa kuelewa habari hiyo akielezwa kwa upole.

*Msangamkuu.* Rasi hii iko ng'ambo ya bandari ya Mtwara, na kwa watoto nusu ya furaha ni kuvuka kwa kivuko. Ulizia ratiba kabla ya kuondoka nyumbani, hasa saa ya kivuko cha mwisho cha kurudi. Ukifika, tembea kando ya ufuko wa mchanga mweupe kwa nusu saa, pumzika, kisha rudi kwa njia ileile. Usiongozwe na tamaa ya kuizunguka rasi yote. Mtoto aliyechoka hubebwa, na anayebebwa huongeza uchovu wa mbebaji.

*Msimbati hadi upande wa Ruvula.* Huu ni ufuko mrefu ulio ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye eneo la kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu. Vivuli vya mivinje vinawafaa watoto kupumzika. Kati ya Julai na Novemba nyangumi hupita katika bahari yetu, na mwenye bahati huwaona wakirusha maji kwa mbali. Tahadhari moja: upande wa Ruvula kina huanza karibu sana na ufuko na mkondo una nguvu. Mahali hapo panafaa kutembea na kutazama. Hapafai kumwacha mtoto aogelee peke yake, hata kwa dakika moja. Kabla ya kwenda, ulizia utaratibu na ada za kuingia katika ofisi ya Hifadhi.

*Kando ya mikoko.* Misitu ya mikoko ya Ghuba ya Mnazi ni darasa lisilo na kuta. Maji yakipwa, watoto wataona kaa wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa analolipunga kama anayeita mtu, na samaki wadogo wanaorukaruka juu ya tope wakiwa nje ya maji. Waonyeshe mizizi ya mkoko inayoshuka kama miguu, na ile ya mchu inayochomoza kutoka topeni kama vidole ili mti upate hewa. Kisha waeleze kwamba ndani ya mizizi hiyo ndimo kamba na samaki wengi hukulia, na kwamba miti hiyo huizuia pwani isimomonyoke. Tembea ukingoni pekee, pamoja na mwenyeji anayepajua.

Mahali pasipofaa kwa miguu

Kingo za Mto Ruvuma na vijito vyake si mahali pa matembezi ya watoto. Mto una mamba na viboko. Mamba haonekani mpaka awe ameshambulia, na kiboko huwa hatari zaidi anapokutana na mtu kati yake na maji. Aidha, eneo hilo ni mpaka wa nchi yetu na Msumbiji, hivyo yeyote anayekwenda huko anapaswa kupita kwanza ofisi ya Serikali ya Kijiji na kufuata maelekezo atakayopewa.

Kipimo ni mtoto mdogo kuliko wote

Familia nyingi hupanga safari kwa nguvu za baba au kaka mkubwa. Panga kwa miguu ya mtoto wa mwisho. Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, kilomita moja kwenda na moja kurudi inatosha kabisa, kwa kuwa kila baada ya hatua kumi atasimama kuokota kitu. Usimharakishe, maana kule kuokota ndiko matembezi yenyewe. Kabla ya kuondoka kubalianeni mambo mawili: mtu mzima mmoja awe mbele na mwingine nyuma, na kila mtoto mdogo awe na mkubwa wake mmoja anayetajwa kwa jina. Mtoto anayeangaliwa na wote mara nyingi haangaliwi na yeyote.

Beba maji ya kunywa ya kutosha, kofia, na kanga mbili. Kanga ni kivuli, ni taulo, ni mbeleko, na ni bandeji ikilazimu. Chakula chepesi kama mhogo wa kuchemsha, ndizi na korosho kinatosha. Wavalishe watoto viatu vya plastiki vinavyofungwa kisigino. Kandambili hunasa topeni na mtoto huanguka. Pumzikeni chini ya mvinje au mkorosho, wala si chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa. Jua la kuanzia saa 5 hadi saa 9 liepukwe.

Tazama, usichukue

Wafundishe watoto kutogusa wasichokijua. Yapo makome yenye umbo la pia na madoa ya kuvutia ambayo konokono wake ana mwiba wa sumu kali. Yavuyavu huwasha hata akiwa amekufa mchangani. Viumbe vyenye miiba mirefu myeusi hukaa katika mashimo ya mwamba, na mwiba wake hukatika ndani ya mguu. Aliyechomwa awekewe mguu katika maji ya moto yanayovumilika, ambayo mtu mzima ameyajaribu kwanza kwa mkono wake, kisha apelekwe zahanati. Anayedhaniwa kuchomwa na kome apelekwe mara moja bila kusubiri dalili.

Usikanyage matumbawe, kwa kuwa ni viumbe hai na hukua polepole sana. Ndani ya Hifadhi, makombe, matumbawe na mayai ya kasa hayaondolewi. Mkikuta akina mama wakifanya kazi ya pweza au wavuvi wakivuta nyavu, wasalimuni na mpite nyuma yao. Mahali hapo ni shamba lao. Mavazi ya heshima yanatarajiwa katika kila kijiji mtakachopita.

Kabla ya kutoka nyumbani

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Likitolewa tangazo la upepo mkali au mawimbi makubwa, ahirisha. Mwambie jirani mnakokwenda na saa mtakayorudi. Kwa dharura, namba ya Polisi ni 112 na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mahali simu inapokosa mtandao, msaada wa kwanza ni wavuvi na uongozi wa kijiji, na ndiyo maana ni vyema kupiga hodi kwao mnapofika.

Mwisho, mpeni mtoto mkubwa kazi. Aulize yeye saa ya maji, na awe yeye wa kusema, "Sasa turudi." Mtoto aliyewahi kuigeuza familia nzima kwa sababu maji yanageuka hatasahau. Siku atakapokwenda pwani na wenzake bila mkubwa yeyote, maarifa hayo ndiyo yatakayomrudisha nyumbani.