Lugha za Kompyuta na Uchaguzi wa Kazi

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia, wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Lakini siku hizi wako mafundi ambao huchagua jembe kwanza, ndipo wakatafuta shamba. Hao ni watunga programu za kompyuta.

Kompyuta huagizwa kazi kwa lugha maalumu, nazo ni nyingi: Python, Java, COBOL na nyinginezo. Watunga programu wengi wakisoma tangazo la kazi, huuliza kwanza ni lugha gani itumikayo. Sababu ni mbili. Kwanza, mtu atashinda na lugha hiyo kutwa. Lugha moja humtaka aandike mistari mingi kwa jambo dogo, nyingine michache. Moja humwonyesha baadhi ya makosa kabla programu haijaanza kazi, nyingine humwacha ayaone baadaye. Pili, kazi ya leo humtayarishia mtu kazi ya kesho. Akikaa miaka 10 na lugha isiyotakiwa kwingine, huogopa kuwa akitoka hapo hatapokewa.

Waajiri nao hulijua jambo hili. Mwaka 2004 Paul Graham, mtunga programu wa Marekani, aliandika ya kuwa kampuni itumiayo Python itapata mafundi bora. Siku zile waajiri wengi walitaka Java; basi aliyejifunza Python aliifuata kwa kuipenda tu. Leo Python yatakiwa mahali pengi, kwa hiyo kuijua si dalili tena ya mapenzi hayo.

Tena, lugha ikikimbiwa haifi upesi. COBOL ilitungwa mwaka 1959, na vijana wengi huiona ya wazee. Hata hivyo yangali yatumika katika mabenki na ofisi za serikali. Mwezi wa Aprili 2020, wakati wa korona, watu wengi waliokosa kazi katika jimbo la New Jersey, Marekani, waliomba msaada, na mitambo ya zamani ikaelemewa. Gavana Phil Murphy akatangaza hadharani kuwa wanahitajiwa watu wajuao COBOL.

Mimi namaliza shule mwaka huu, na wenzangu kadhaa twataka kusomea kompyuta. Twabishana sana ni lugha ipi yenye kazi. Maoni yangu ni haya: kupenda lugha si upuuzi, maana fundi hufanya vema kwa chombo akipendacho. Lakini kwetu nafasi ni chache, na asemaye "Python tu" aweza kubaki nyumbani. Tushike kwanza misingi: kupanga hatua, kupima masharti, kutafuta kosa. Mwenye hayo hujifunza lugha ya pili kwa taabu ndogo.

Ninyi mlio katika kazi hiyo, tafadhali tuandikieni katika gazeti hili, mtueleze kama lugha mliyoipenda iliwapatia kazi au iliwazuia.