Ushairi wa Uhamishoni: Utangulizi kwa Msomaji wa Ifakara

Wewe uliyekulia kando ya Mto Kilombero unaingia katika taaluma hii na mtaji ambao wasomaji wengi wa mijini hawana: unamjua mamba. Unajua kwa nini mchota maji husimama kwanza akautazama mto, na kwa nini mvuvi wa Kindamba hapeleki mtumbwi popote tu. Kwa hiyo tutaanza na shairi linaloitwa “Mamba”, la Abdilatif Abdalla, ambamo mnyama huyo anatakabari mtoni kana kwamba siku yake haitafika. Lisome kwa sauti kabla hujaambiwa kwamba ni shairi la siasa. Utakuwa umeshahisi.

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946, katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir Juma Bhalo, malenga mashuhuri, ni kaka yake. Mwaka 1968 aliandika waraka, “Kenya: Twendapi?”, kuuliza serikali ya Jomo Kenyatta ilikuwa inaipeleka wapi nchi. Alikuwa na umri wa miaka 22. Waraka huo ulimfunga miaka mitatu. Gerezani aliandika kwenye karatasi za chooni, zikatoroshwa nje kwa siri, na mwaka 1973 zikatoka kama diwani, Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Kenyatta yuleyule.

Alipofunguliwa mwaka 1972 alikuja kwetu, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye alikwenda London, BBC, kisha Leipzig, alikofundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Ni rahisi kuanza kuhesabu uhamisho wake kutoka siku alipoondoka Kenya. Mimi naona ulianza ndani ya seli, katika nchi yake mwenyewe, siku alipotengwa na watu aliokuwa akiwasemea. Safari za baadaye ziliurefusha tu.

Ndiyo maana naomba usiyapite haraka mambo ya vina na mizani. Miaka ileile mshairi Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, ambaye naye angekuja kuishi Botswana, alikuwa akivunja kanuni hizo katika diwani yake, Kichomi. Abdilatif alizishika. Mfungwa anaweza kunyang'anywa karatasi, lakini ubeti wenye vina hukaa kichwani, na asiye na kalamu anaweza kuutunga usiku kucha. Hata lahaja aliyotumia ni Kimvita cha nyumbani kwake. Vivyo hivyo Vahan Tekeyan, mshairi wa Kiarmenia aliyefia Cairo mwaka 1945, aliendelea kutunga kwa Kiarmenia mbali na mji aliozaliwa. Kimvita kitakusumbua kurasa za mwanzo; vumilia, sikio huzoea upesi kuliko jicho.

Baada ya “Mamba” nenda kwenye “Mnazi: Vuta N'kuvute”, majibizano ya watu wawili wanaogombea mnazi mmoja. Katika bonde hili, ambako wakulima na wafugaji wamegombania ardhi miaka mingi, sidhani utahitaji maelezo yangu. Tafuta mwenzio, mgawane sauti hizo mbili, msome hadi mwisho. Kisha mbadilishane pande, msome tena.