Gari la zamani linavuja oili? Liziba bila kuumiza familia

KISIWANI Pemba gari halitupwi kirahisi. Land Rover aliyoiacha babu, au Peugeot aliyokuwa akiendesha baba, hutengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena, kwa sababu gari jingine lazima livuke bahari na gharama huvuka nalo. Na chini ya gari la umri huo ni nadra kukosa doa jeusi. Wenye Land Rover wana utani wao: ukiona haivuji, jua oili imekwisha.

Doa hilo linahusu familia kwa sababu kazi ya kuliziba hufanyika uani siku ya mapumziko, watoto wakizunguka. Kuziba kwenyewe mara nyingi hakugharimu sana. Kinachoweza kugharimu ni namna tunavyofanya kazi hiyo.

Tafuta kabla ya kufungua

Oili huteremka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo inapodondokea sipo inapotokea. Injini ikiwa ya baridi, ioshe kwa brashi na maji ya sabuni, huku ukifunika sehemu za umeme, kisha iache ikauke. Tembeza gari dakika 15, liegeshe, tandaza boksi chini yake mpaka asubuhi. Kama bado huoni chanzo, nyunyiza poda ya mtoto kwenye sehemu unazozitilia shaka. Oili itachora njia yake kwenye weupe huo. Anza kuangalia juu ukishuka chini.

Angalia na rangi. Oili ya injini ni ya kahawia au nyeusi. Ukiona majimaji mepesi karibu na gurudumu, huenda ni mafuta ya breki. Hapo usiliendeshe gari hata hatua moja mpaka fundi alione.

Vyanzo vya kawaida ni gasketi ya mfuniko wa juu wa injini, ambayo kwa magari mengi ya zamani ni ya koki na hukauka, washa ya bolti ya kumwagia oili, filta, na gasketi ya sampu. Usikimbilie kukaza nati kwa nguvu, kwani mfuniko hupinda na uvujaji huongezeka. Safisha pia bomba la kupumulia injini. Likiziba, mgandamizo hujaa ndani na kuisukuma oili nje kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Oili iliyozidi alama ya juu nayo ipunguzwe.

Sili ya nyuma ya injini ni habari nyingine, kwani kwa kawaida gia boksi lazima lishushwe. Kama ni matone machache, wengi huweka sinia chini na kupima oili kila wiki. Lakini oili ikidondokea bomba la moshi lenye moto, usisubiri: inaweza kuwaka, na moshi wake huingia ndani walipo abiria.

Ukilazimika kuingia chini ya gari, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi imara kwenye ardhi ngumu na zuia magurudumu. Watoto wasikaribie.

Vumbi la gasketi kuukuu

Gasketi nyingi za zamani, hasa za silinda hedi na bomba la moshi, zilitengenezwa kwa asbesto, na hata breki na klachi za miaka hiyo zilikuwa nayo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwamo ya mapafu. Ugonjwa huweza kujitokeza miaka 20 hadi 40 baada ya kuvuta vumbi, na ndiyo maana hakuna anayeukumbuka uani pale.

Usiikwangue gasketi ikiwa kavu, usiisugue kwa msasa wala kuipuliza kwa upepo. Iloweshe, itoe ikiwa mbichi, ifunge kwenye mfuko. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Mikono, na kitambaa cha mfukoni

Oili iliyokwisha kutumika si sawa na mpya. Ndani ya injini hukusanya kemikali za moshi, na imethibitika kusababisha uvimbe wa saratani kwenye ngozi ya panya wa maabara. Huko Uingereza, wafanyakazi wa viwanda vya kusokota pamba waliugua saratani ya ngozi ya sehemu za siri kwa sababu nguo zao zililowa mafuta ya mashine kila siku.

Kwa hiyo vaa glavu, na usiweke kitambaa cha oili mfukoni. Usinawe kwa petroli: hukausha na kupasua ngozi, na ni hatari ya moto. Jipake mafuta ya nazi kidogo, sugua, futa kwa kitambaa, kisha nawa kwa sabuni na maji. Kidonda au uvimbe usiopona uonwe na daktari.

Chupa ya soda

Petroli au mafuta ya taa ya kuoshea vyuma huwekwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hajui tofauti. Akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa: mafuta yakirudi juu huweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, mkimbize hospitali, Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee ya Mkoani, iliyo karibu, ukiwa na chupa yenyewe. Mpeleke hata kama anaonekana mzima.

Oili chafu iende wapi

Usiimwage karibu na kisima wala usiichome. Wapo wanaoipaka kwenye nguzo na boriti kuzuia mchwa. Basi isiwe mlangoni au bandani, ambako watoto na mifugo hugusa. Iweke kwenye dumu lenye mfuniko, liandike, uliza gereji au kituo cha mafuta kama wanapokea. Na msimu wa karafuu ukifika, gari linalovuja lisiegeshwe pale majamvi yanapotandazwa.