Jinsi ya kuanza kutengeneza muziki kwa tarakilishi bila kupoteza kazi

VIJANA wengi wanaotamani kutengeneza muziki huanza nyumbani, kwa tarakilishi na programu ya majaribio, kwa kuwa hawana fedha za kulipia studio.

Miongoni mwa programu zinazotumiwa sana ni FL Studio ya kampuni ya Image-Line, Ubelgiji. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1997 ikiitwa FruityLoops, jina lililobadilishwa mwaka wa 2003.

Anayeifungua kwa mara ya kwanza hukumbana na vitufe vingi vinavyoweza kumkatisha tamaa. Hata hivyo, sehemu anazohitaji mwanzoni ni nne tu: ya kupanga midundo, ya kuandika noti, ya kuunganisha vipande hadi viwe wimbo na ya kusawazisha sauti.

Ni rahisi zaidi kuanza na ngoma. Kila ala huwa na mstari wa vitufe 16, vinavyowakilisha mapigo manne, kila pigo likiwa na vitufe vinne. Akibonyeza cha 1, 5, 9 na 13, ngoma itasikika katika kila pigo. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, mstari huo humalizika baada ya sekunde mbili, kisha hurudiwa.

Anayetumia kinanda kilichounganishwa na tarakilishi huenda akasikia noti ikichelewa na kudhani kinanda ni kibovu. La hasha. Tarakilishi hukusanya sauti kidogo kidogo katika hifadhi ya muda kabla ya kuipeleka kwenye spika. Hifadhi hiyo ikipunguzwa, sauti huja upesi. Ikipunguzwa kupita kiasi, hukatikakatika kwa kuwa mashine imelemewa.

Aidha, kipimo cha sauti ya mwisho hakifai kuvuka desibeli sifuri, la sivyo wimbo utakwaruza utakapotolewa kama faili.

Lakini hasara kubwa zaidi hutokana na toleo la majaribio lenyewe. Toleo hilo humruhusu mtumiaji kuhifadhi kazi, ila halimruhusu kuifungua tena hadi alipe. Asiyejua hilo huzima tarakilishi akitarajia kuendelea kesho, na kesho ikifika hawezi kurekebisha hata noti moja.

Suluhisho ni kutoa kila ala kama faili ya sauti ya kipekee kabla ya kufunga programu. Faili hizo zinaweza kuunganishwa baadaye hata kwa programu nyingine. Asiye na uwezo wa kununua anaweza pia kutumia LMMS, inayopatikana bila malipo na isiyo na kikwazo hicho.

Vilevile, anayechukua kipande cha wimbo wa mwenzake anahitaji idhini. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 hulinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya kumalizika kwa mwaka iliporekodiwa.