Ukungu wa mahindi ni jamaa yako, si jamaa ya sukuma wiki

Umetumiwa gunia la mahindi kutoka ushago, ukafungua ukakuta punje zingine zimeshika rangi ya kijani. Usidanganyike na hiyo rangi. Huo si mmea. Ni kuvu, na kuvu ina ukoo wake.

Zamani wasomi walikuwa na makundi mawili tu ya viumbe hai: wanyama na mimea. Carl Linnaeus, yule Mswidi wa karne ya 18, aliweka uyoga na mimea. Mwaka wa 1969 Mmarekani Robert Whittaker akapendekeza makundi makuu matano: bakteria, protista, kuvu, mimea na wanyama. Mpangilio umebadilishwa tena tangu hapo, lakini kuvu haijawahi kurudishwa kwa mimea.

Whittaker alitazama sana vile kiumbe kinapata chakula. Sukuma wiki inajipikia kwa mwanga wa jua. Kuvu haiwezi. Inamwaga vimeng'enya juu ya chakula, kinayeyuka, kisha inakifyonza. Ukuta wa seli zake una kitini, kitu kile kile kilicho kwenye ganda la mende. Na ukifuata jeni, kuvu iko karibu na wewe kuliko na mchicha.

Sasa hii inakuhusu aje? Kiumbe kisichohitaji jua kinaishi poa kwa giza la stoo. Kinachotaka ni joto, unyevu na chakula, na gunia lako ndilo sahani. Mwaka wa 2004, kuvu inayoitwa Aspergillus flavus iliacha sumu ya aflatoksini kwa mahindi ya Machakos, Makueni, Kitui na Thika. Watu 317 waliugua, 125 wakafa.

Na usitegemee moto. Hata uchemshe muthokoi kutwa nzima, kuvu itakufa lakini sumu itabaki. Punje inayoonekana safi pia inaweza kuwa nayo. Kwa hivyo waambie watu wa nyumbani waanike mahindi juu ya turubai, si mchangani, hadi unyevu ufike asilimia 13.5 au chini. Magunia yakae juu ya mbao. Yaliyooza wasimpe ng'ombe, sumu inapitia kwa maziwa.

Cha kushangaza, kuna Aspergillus flavus zingine zisizotengeneza sumu. Hizo ndizo ziko ndani ya Aflasafe KE01, inayomwagwa shambani ili ziwanyang'anye nafasi ndugu zao wabaya. Spishi moja, tabia mbili. Ndiyo maana kujua nani ni wa ukoo gani si stori ya mtihani pekee.