Wati za dukani, desibeli za mlimani

Ukiingia duka la vifaa vya muziki, cha kwanza kuonyeshwa ni wati. Boksi limeandikwa 5,000, na pembeni herufi nne: PMPO. Hiyo ni namba ya kuuzia. Wati za kweli ni zile za RMS, yaani zinazotoka mfululizo, na hata hizo hazikuambii sauti itafika wapi. Kwa anayetaka kusikika nje, awe Rulenge kwenye vilima vya Ngara au Nyakahura upande wa Biharamulo, swali la kumuuliza muuzaji ni hili: spika ikipewa wati moja, inatoa desibeli ngapi umbali wa mita moja?

Spika ya honi, ile yenye mdomo wa tarumbeta inayofungwa juu ya gari la matangazo, ikiwa nzuri hutoa kama 108. Boksi la kawaida la ukumbini hutoa kama 96. Tofauti inaonekana ndogo, lakini kila desibeli 3 zinadai wati maradufu. Kwa hiyo honi ya wati 30 inakwenda sambamba na boksi linalolishwa karibu wati 500.

Hapo ndipo gharama zinapoachana. Honi na amplifaya yake ndogo hutosheka na betri ya gari ya volti 12, na betri huchajiwa kwa sola. Tena mtu akizungumza, amplifaya haili umeme wote muda wote, maana kati ya neno na neno inapumzika. Boksi la wati 500, mahali pasipo na umeme, linadai jenereta. Jenereta inadai petroli kila saa, na yenyewe inanguruma ikishindana na msemaji. Bei ya kulinganisha ni ya mfumo mzima pamoja na mafuta ya mwaka.

Honi haina besi, lazima tuseme. Harusi ikipigiwa honi, wageni watadhani wameitwa kwenye mkutano wa kijiji. Kwa muziki kodi boksi, na fundi wake aje nalo. Zile spika za magurudumu zenye betri ndani zinafaa darasani au uani, si zaidi. Betri ikichoka, kupata nyingine inayoingia humo ni kazi.

Sasa vilima. Kila umbali unapozidi maradufu, sauti hupungua desibeli 6, wakati kununua wati maradufu kunakurudishia 3 tu. Mteremko unaotazamana na spika, ng'ambo ya bonde, utasikia vizuri. Walio nyuma ya kilima watapata mvumo bila maneno, kwa sababu sauti nzito hujipinda kuzunguka kilima lakini sauti nyembamba zinazobeba s, t na k hazijipindi vya kutosha. Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa Biharamulo Januari 2025, maelekezo ya kujikinga yalipaswa kueleweka neno kwa neno. Mvumo usingemsaidia mtu.

Dawa ya kilima si amplifaya kubwa. Pandisha honi juu ya mlingoti, au weka ya pili upande wa pili, ikitazama kwingine. Zikitazama watu walewale kutoka mbali, sauti ikienda mita 340 kwa sekunde, msikilizaji aliye karibu na moja kwa mita 170 zaidi atasikia kila neno mara mbili, likipishana kwa nusu sekunde. Na ukitaka wilaya nzima isikie, lipia tangazo redioni. Radio Kwizera ipo Ngara tangu 1995.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu spika nje, saa saba mchana. Jua likiwaka, ardhi hupasha hewa ya chini na sauti hupinda kwenda juu, ikiwapita watu. Alfajiri na usiku hupinda kurudi chini na kufika mbali, hivyo spika yoyote huonekana hodari. Lakini usiku huohuo sauti huamsha majirani, na kanuni za kelele za Tanzania za mwaka 2015 ni kali zaidi usiku kuliko mchana.